Gemu za Zilipendwa: Maswali Mnayoniuliza Kila Siku Kuhusu Kaseti, Pedi na Vibanda vya PS

Mi nimekulia Temeke, na tangu nianze kukusanya mashine za gemu za zamani na kuzifufua watu wananiuliza maswali yale yale, wengine wananipigia, wengine wakiniona tu na kaseti mkononi wanasimama barabarani na kuanza kusimulia utoto wao. Nimeona niyaandike yote sehemu moja. Mengine nimejibu kifupi manake hayana mengi, mengine nimejiachia manake hayo ndo yenyewe.

Ukisema gemu za zamani unamaanisha zipi hasa?

Namaanisha tulizokua nazo sisi wa miaka ya tisini mpaka elfu mbili na kitu. Kwanza zile za kuchomeka kwenye TV, zenye kaseti za gemu, pedi mbili za waya za kushika na kuchezea, na bunduki ya plastiki. Alafu PlayStation, yani PS1 na PS2, za kwenye vibanda vya kulipia. Alafu nyoka wa kwenye Nokia, huyo nae ana heshima yake.

Kumbuka huku Bara runinga yenyewe tumeipata juzi tu, wenzetu wa Zanzibar walikua na TV ya rangi tangu 1973 lakini huku stesheni za kwanza zimeanza kurusha 1994. Kwahiyo nyumba nyingi TV na gemu vimeingia karibu kwa pamoja, na mtaani kwetu TV zilikua za kuhesabu, ukisikia kwa fulani wameleta gemu basi siku hiyo hiyo mlango una ndala ishirini nje.

Zile mashine zilikua original au feki?

Zilikua nakala. Mashine mama ni Famicom ya kampuni ya Nintendo, ilitoka Japani tarehe 15 Julai 1983, na Marekani ikaenda 1985 ikiwa na sura nyingine na jina la NES. Viwanda vya Taiwan na China vikainakili, na hizo nakala ndo zikasambaa dunia nzima sehemu ambazo Nintendo wenyewe hawakua na duka. Warusi walikua nayo wakiiita Dendy, Wapolandi walikua na Pegasus, sisi tukawa tunasema tu "gemu". Ukikutana na Mrusi wa umri wako mtaelewana vizuri sana kuhusu gemu ya vifaru na ile ya risasi, Contra, amekulia kitu kile kile ulichokulia we.

Mi sipendi mtu akiziita feki kwa dharau. Ndani gemu zilikua zile zile, Mario ni yule yule, muziki ni ule ule aliotunga Koji Kondo. Kama isingekua hizo nakala mtoto wa Tandika asingemjua Mario kabisa.

Mbona kaseti iliandikwa 9999999 in 1 wakati gemu zilikua chache?

Hili kila mtu linamuuma mpaka leo! Mi nilikaa likizo nzima nashuka kwenye ile orodha nikiamini huko chini kabisa kuna gemu ambayo hakuna mtu mtaani ameshaiona.

Ukweli ni kwamba kwenye kaseti kulikua na gemu chache, kaseti zingine nne, zingine ishirini na kitu, alafu aliyetengeneza ile menyu akazirudia. Namba 1 ni Mario wa kawaida, namba 14 ni Mario anaanzia sehemu ya tatu, namba 37 ni Contra una silaha nzuri tangu mwanzo, majina yanabadilishwa kidogo kidogo ili uone ni gemu nyingine. Kwa hiyo gemu haikua mpya ila mlango wa kuingilia ulikua tofauti, na sisi tulitumia hiyo vizuri tu, kuna watoto walikua wanajua kwa kichwa kwamba ukitaka kuanzia mbali nenda namba fulani.

Na ujue jinsi gemu zenyewe zilivyokua ndogo. Super Mario Bros ya 1985 yote, zile dunia 8 zenye sehemu 4 kila moja, yani sehemu 32, ina kama kilobaiti 40. Picha moja unayotumiwa WhatsApp ni kubwa kuliko hiyo. Ilibidi wabane kila kitu, angalia wingu na angalia kichaka cha chini kwenye Mario, ni mchoro mmoja, wamebadilisha rangi tu. Ukishaona hilo huwezi tena kutoliona.

Kupuliza kaseti kulikua kunasaidia kweli?

Kupuliza kwenyewe hapana. Kilichosaidia ni kuichomoa na kuirudisha, manake ukirudisha zile pini zinakaa upya na zinagusana vizuri. Mate yenyewe yanaleta unyevu na unyevu unaleta kutu, Nintendo wenyewe walishaonya watu wasipulize. Lakini nani angetuambia, kila mtaa kulikua na mtu mwenye pumzi yake, sisi tulikua na kaka mmoja akipuliza yeye inakubali na akipuliza mwingine inagoma, na mpaka leo nikiwaza naona ni kwasababu alikua anaichomeka taratibu na kwa kunyoosha, sisi tulikua tunaipachika kwa haraka.

Ukitaka kusafisha chukua kijiti cha pamba ya masikio, chovya kidogo kwenye spiriti ya duka la dawa, futa zile pini, acha ikauke kabisa alafu ndo uchomeke. Pamba itatoka nyeusi, utashangaa.

Bunduki ya gemu ya kupiga bata mbona haifanyi kazi kwenye TV za flati?

Swali zuri na jibu lake mi nalipenda sana. Watu wanadhani bunduki inatoa kitu kwenda kwenye TV, kumbe ni kinyume, ile bunduki ni jicho. Ukivuta traiga skrini nzima inakua nyeusi kwa kufumba na kufumbua, alafu pale alipo bata panatokea kiboksi cheupe. Jicho la bunduki likiona giza kisha mwanga basi umempata. Bata wakiwa wawili viboksi vinatokea kimoja baada ya kingine ili mashine ijue umempiga yupi. Na ndo maana ile akili yetu ya kuelekeza bunduki kwenye balbu ilikua inagoma, manake balbu haizimi na mashine inataka ione giza kwanza.

Sasa hayo yote yanategemea TV ichore picha papo kwa papo, na TV ya chogo ndo inafanya hivyo. TV za flati zinachelewa kidogo, zinaipokea picha, zinaichakata, ndo zinaonyesha. Kwa macho yako huoni tofauti ila bunduki inakua imeshakata tamaa. Kwahiyo ukitaka bata tafuta chogo, hakuna njia ya mkato.

Na kitu ambacho wengi hawakukijua, mtu mwenye pedi anaweza kumwendesha bata! Ukiwa kwenye gemu ya bata mmoja, mwenzako anashika pedi anamkwepesha kushoto kulia we unahangaika na risasi zako tatu. Nimekuja kulijua hili nikiwa mtu mzima na siku hiyo nilimpigia simu mdogo wangu usiku usiku.

Ile kodi ya Contra (vile vitufe vya siri vya kubonyeza) ya maisha 30 ilikua ya kweli?

Kweli kabisa. Juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A, alafu Start. Mkiwa wawili unabonyeza Select kabla ya Start. Unatoka kwenye maisha 3 unakua na 30. Aliyeitunga ni Kazuhisa Hashimoto wa Konami, aliiweka mwanzo kwenye gemu ya ndege inaitwa Gradius mwaka 1986 kwasababu alikua anaijaribu na ilikua ngumu mno kwake, gemu ikatoka nayo ikabaki humo. Amefariki 2020. Mi siku ile niliposikia nilikaa kimya kidogo, manake huyu mtu sijawahi kumuona wala hajawahi kunisikia lakini vidole vyangu vinajua kitu alichokiandika yeye kabla sijaanza hata darasa la kwanza.

Sisi kodi hatukuisoma popote, ilikuja kwa mdomo. Kuna jamaa alihamia kutoka Arusha akaja nayo, akawa anaifanya ameficha pedi chini ya shati ili tusione vidole. Ilichukua kama wiki mbili mtu akamchungulia.

Na kuhusu urafiki kuvunjika, lile eneo la maporomoko ya maji, sehemu ya tatu, picha inapanda juu na ukiachwa chini unakufa. Kama mwenzako ana haraka ya kupanda we kila saa unaanguka na maisha yanaisha, hapo ndo tulikua tunajuana nani anasubiri mwenzake na nani hasubiri.

Gemu gani ilikua bora kuliko zote?

Vifaru. Battle City, Namco, 1985. Najua wengi mtasema Mario na siwapingi, Mario ni kazi kubwa ya Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka na kila gemu ya kuruka imetoka humo. Lakini Mario watu wawili mnapokezana, mmoja anacheza mwingine anangoja mwenzake afe, na ukikaa na mtu anayejua unaweza kungoja mpaka usingizi. Vifaru mnaingia wote wawili kwa pamoja, mnalinda yule ndege chini pale, maadui 20 kila sehemu, sehemu 35. Ukimpiga mwenzako anaganda. Ukikosea unampiga ndege wenu wenyewe na gemu inaisha. Yani inabidi muongee, "we kaa kushoto, mi namfuata huyu mwekundu, usipige hapo matofali yataisha!" Na kuna sehemu ya kujenga ramani yenu wenyewe, dada yangu alikua anazungushia ndege chuma pande zote, adui hawezi kupita, tunakaa tunawacheka.

Wasichana walikua wanacheza?

Nyumbani ndio sana. Dada yangu ndo alikua mkali wa vifaru kuliko wote pale kwetu, na jirani yetu mmoja wa kike ndo wa kwanza kumaliza Mario, alifika 8-4, sehemu ya mwisho kabisa, watu tukajaa mpaka dirishani. Kibandani ndo hawakuwepo, mtoto wa kike akionekana kwenye kibanda cha gemu taarifa inafika nyumbani kabla yake. Hili linaniuma kwasababu walikosa PS karibu yote, walicheza kaseti alafu ikaishia hapo, na ukiongea nao leo utaona hadithi zao zinakatika ghafla pale PS inapoanza.

Tusimulie vibanda vya PS, bei ilikua ngapi na sheria zilikuaje?

Hapa nisameheni nitakua mrefu.

PlayStation ya kwanza ilitoka Japani Desemba 1994, na PS2 ikatoka 2000, na PS2 ndo mashine ya gemu iliyouzwa kuliko zote, zaidi ya milioni 155. Lakini takwimu hizo zinahesabu mashine, hazihesabu watu. Kibanda cha kwetu kilikua na PS mbili, na naamini kabisa watoto wasiopungua mia mbili wamekulia kwenye zile mashine mbili.

Kibanda ni chumba kimoja cha nje, mbele pazia au kanga iliyochoka ili mwanga usiingie, ndani TV za chogo, benchi la mbao, feni moja inayomwangalia mwenye kibanda. Joto lake sijui nifananishe na nini. Bei yetu ilikua shilingi mia kwa mechi, baadae ikawa mia mbili, na gemu za kupigana kama Tekken 3 ulikua unalipia kwa dakika. Sheria kubwa ni moja, anayefungwa ndo analipa na ndo anatoka, mshindi anabaki. Kwahiyo mtu anayejua angeweza kuingia na mia moja saa nne asubuhi akatoka jioni bado anayo mfukoni. Tulikua nae mmoja, akikaa tu watu wanaanza kuondoka kwenye foleni.

Sheria zingine ndogo ndogo. Ukija na yunifomu ya shule huingii, mwenye kibanda alikua anaogopa walimu kuliko polisi. Pedi ya kwanza ni ya mshindi, manake pedi ya pili siku zote ina kitufe kimoja kimekufa. Hamna kuchukua Brazili wote wawili. Kwenye Tekken ukichukua Eddy Gordo ukaanza kubonyeza mateke hovyo hovyo unazomewa mpaka mwisho, ushindi wako hauhesabiki kwenye macho ya watu hata kama umelipiwa.

Mpira ulikua Winning Eleven, na nyingi zilikua za Kijapani, menyu yote maandishi ya Kijapani hakuna anayesoma hata moja, lakini kila mtu anajua shuka mara mbili, ingia, panda mara moja, hapo ndo unabadilisha dakika. Tulikua tunaisoma kwa hesabu ya vidole. Na majina ya wachezaji yalikua yamepindishwa kwasababu ya haki za majina, kuna toleo Roberto Carlos alikua Larcos, na Liverpool baadae ikawa Merseyside Red, sisi tuliona sawa tu. Alafu ikaja PES 6, gemu ile ile ya mpira kwa jina lingine, mwaka 2006 na Adriano wa Inter, nguvu ya shuti 99, ukimpa mpira nje ya boksi kipa anaweza kwenda kulala. Kibandani kwetu Inter ilipigwa marufuku.

Na mwaka huo huo 2006 ndo mgao wa umeme ulikua mbaya kuliko ninavyoukumbuka mwingine wowote, ukame ulikausha mabwawa kama Mtera, umeme unakatika asubuhi unarudi usiku. Dakika ya 80 we unaongoza mbili bila, giza. Hapo inaanza kesi, aliyefungwa anasema mechi haijaisha hadaiwi, aliyeshinda anasema hela itoke, mwenye kibanda anasema wote mmekaa mlipe nusu nusu. Nimeona kesi hizo zikiamuliwa na mzee muuza kahawa aliyekua anapita tu, alisikiliza pande zote mbili na akaamua mechi irudiwe umeme ukirudi kwa dakika kumi zilizobaki, bao mbili zihesabiwe. Watu walikubali, na wakarudi saa tano usiku kumalizia.

Kwanini PS1 ilikua inapinduliwa chini juu?

Matoleo ya mwanzo lensi yake ilikua imekaa kwenye reli ya plastiki na karibu na sehemu inayotoa joto. Ikitumika sana plastiki inalika, lensi inainama, CD haisomeki vizuri. Ukiigeuza uzito unaenda upande mwingine na lensi inakaa sawa kwa muda. Kwahiyo haikua uchawi, ilikua na maana. Kibandani ambako inawashwa asubuhi mpaka usiku lazima ifike huko.

CD nyeusi na CD nyeupe tofauti yake nini?

Original ya PS1 ilikua nyeusi kwa chini. Zile za kung'aa nyeupe ni za kuchoma, na ili zisome mashine ilibidi iwe imechipiwa, yani fundi ameiwekea chipu ndani. Vibandani karibu zote zilikua nyeupe. Mi CD nyeusi ya kwanza kuishika nilikua na miaka ishirini na kitu.

Memori kadi iliingia vitu kiasi gani?

Ya PS1 ilikua na nafasi 15 tu, kilobaiti 128 jumla. Gemu zingine zinachukua nafasi moja, za mpira zinakula nyingi. Ndo maana mtu alikua anaenda kibandani na memori kadi yake mfukoni kama kitambulisho, na ukimkuta mtu amefuta ligi yako ili aweke yake hapo hamsalimiani mwezi.

Na nyoka wa Nokia je, huyo si gemu ndogo tu?

Ndogo kwa umbo. Nyoka aliwekwa kwenye Nokia 6110 mwaka 1997, aliyemtengeneza ni Taneli Armanto, mhandisi wa Nokia kule Finland. Sisi wengi tulimjulia kwenye 3310 ya mwaka 2000, alafu kwenye 1100 ya 2003, ile ya tochi, hiyo ndo ilifika mpaka vijijini kabisa kwa mabibi.

Umuhimu wake mi nauona hivi: kaseti na PS zilikua za watoto wa mjini kwenye umeme, nyoka alikua wa kila mtu. Mjomba wangu Kilosa hajawahi kushika pedi maisha yake yote lakini rekodi yake ya nyoka hakuna aliyeivunja pale nyumbani, akija Dar anatuachia simu makusudi tujaribu alafu asubuhi anaangalia namba anatabasamu.

Wazazi walikua wanasema gemu inaharibu TV, ni kweli?

Kidogo kulikua na ukweli. TV ya chogo ukiiacha na picha moja isiyosogea kwa muda mrefu sana, kivuli chake kinaweza kubaki kwenye kioo. Lakini kwa masaa mawili yetu ya baada ya shule, hapana, isingefika huko. Nadhani walichokua wanaogopa zaidi ni umeme na shule, na TV ilikua kitu cha gharama kubwa kuliko vyote sebuleni, ikifa haipatikani nyingine. Sasa hivi na mi nina watoto naelewa.

Nimeikuta mashine yangu stoo, niiwashe tu?

Subiri kwanza. Cha kwanza adapta. Nyingi zinataka volti 9 lakini zinatofautiana ni upande gani ni wa kujumlisha na upi wa kutoa, angalia alama kwenye mashine na kwenye adapta zifanane, ukikosea unaiua hapo hapo na haifufuki. Pili ifungue ufute vumbi na uangalie kama mende hawajafanya makazi, nasema hili kwa uzoefu. Tatu safisha pini kama nilivyosema juu.

Watu wananiuliza pia kama kuzimwa kwa analojia kumeiua, manake Dar analojia ilizimwa tarehe 31 Desemba 2012. Hapana, mashine inajirushia yenyewe kupitia waya wake, haihitaji mnara wowote. We tafuta chaneli taratibu mpaka chenga ziondoke. Kama ina zile waya za njano na nyeupe ni rahisi zaidi, chomeka AV basi.

Chogo usitupe. Nakuomba sana. Watu wanazitupa na kuzigawa kwa mafundi wang'oe shaba, na hazitengenezwi tena.

Si niweke tu emuleta, ile programu ya kuigiza mashine za zamani, kwenye simu nicheze zote?

Unaweza, na mi sikatazi. RetroArch inabeba mashine nyingi kwa pamoja, DuckStation ni nzuri kwa PS1, na PPSSPP ya gemu za PSP vijana wote wanaijua tangu 2012. Emuleta yenyewe ni programu halali, ila gemu zenyewe zina wenyewe, kuzipakua bure ni kosa kwenye sheria za hakimiliki hata kama ni ya 1985. Nintendo wanaziuza baadhi kwa malipo ya mwezi kwenye mashine yao ya Switch. Nalisema hili nikijua utoto wetu wote umejengwa kwenye nakala, lakini siku hizi mwenye kipato chake anaweza kuwalipa waliozitengeneza, na mi naona walipwe.

Nimeweka, nimecheza Mario dakika kumi nikaboreka. Kwanini haina raha ile?

Hili ndo swali nalopata kuliko yote na watu wanaliuliza kwa sauti ya chini, kama wamegundua kitu kibaya.

Wanaosoma mambo ya kumbukumbu wameona kwamba watu wazima wanakumbuka sana vitu vya umri wa kama miaka 10 mpaka 30 kuliko vya umri mwingine, muziki, marafiki, kila kitu. Hiyo ni sehemu ya jibu. Lakini mi nakuuliza we kitu kimoja. Hizo gemu ulizicheza kwa muda gani hasa? Piga hesabu. Mlikua watoto nane pedi mbili. Katika masaa mawili we ulishika pedi labda dakika ishirini. Muda mwingine wote ulikua umekaa chini kwenye mkeka unaangalia mwenzako anacheza, unamwelekeza, unapiga kelele, unasema "zamu yangu", unakula ubuyu, unamsubiri afe. Hiyo ndo gemu ulokua unacheza. Sasa umejifungia chumbani na simu, pedi yako peke yako, hamna wa kukunyang'anya, na unashangaa mbona kuna kitu hakipo.

Nimejaribu hili mara nyingi. Nikiwasha mashine peke yangu nacheza robo saa nazima. Wakija washkaji wanne wa zamani, pedi mbili tu, nakataa kuleta ya tatu makusudi, tunafika saa saba usiku na wake zao wanapiga simu.

Watoto wa siku hizi wataipenda?

Wangu wameipenda wakishindana. Wakicheza mmoja mmoja waliniuliza mbona haina rangi nzuri. Nikawakalisha wawili kwenye vifaru, baada ya dakika tano nasikia "we kaa kushoto!" nikatoka nikawaacha.

Mashine yako mwenyewe ya utotoni bado unayo?

Mashine ninayo ile ile, adapta ndo ilipotea. Mama alikua anaificha kila shule ikifunguliwa, na mwaka nilipoingia darasa la saba aliificha moja kwa moja na tukatafuta nyumba nzima, juu ya kabati, kwenye mapipa, mpaka bandani kwa kuku. Nikaja kununua nyingine Kariakoo miaka mingi baadae.

Mwaka juzi tunamhamisha chumba, dada yangu akafungua lile sanduku la vitenge la chini ya kitanda, kwenye bahasha ya vyeti vyetu vya kuzaliwa, adapta ikawepo, imefungwa kwenye leso na waya umeviringishwa vizuri. Mama akaitazama akasema, "Mlifaulu lakini." Tukaichomeka jioni ile ile na inafanya kazi. Dada alichukua pedi ya kwanza bila kuniuliza. Tumefika sehemu ya 17 ya vifaru.